Asubuhi Mwale Ulipozidi

Bigwa, Morogoro

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hatujambo, na bibi yako anapalilia mchicha huku akinisema. Umeuliza kama wagonjwa huwachukia nyinyi mnaopima mashine ya mionzi wakati wao wanasubiri.

Bibi yako alipokuwa na uvimbe kooni, daktari alimwambia ataingia chumbani peke yake, apigwe mwale wa elektroni. Yeye akasikia "mwali", binti anayewekwa ndani kufundwa.

"Niwekwe ndani tena? Na wajukuu ninao!"

Benchi zima la wagonjwa likacheka. Kisha akatoka dada anayepima nguvu ya mwale kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza.

"Bibi, subiri. Leo mwale umezidi."

"Umezidi kiasi gani?" nikamuuliza. Kuuliza ndiyo kazi niliyoifanya gazetini miaka yote.

"Kidogo tu, babu. Lakini ukizidi unaunguza koo, ukipungua uvimbe unabaki."

Nilikasirika. Bibi yako alikuwa hamezi hata uji, na kila siku niliiona kama ya mwisho wake. Watu walimnunia yule dada, mmoja akamwita mvivu. Yeye akarekebisha, akapima, akarudia kupima. Saa nane mchana ndipo alipomwita bibi yako.

Leo anakula ugali. Yule dada sikuwahi kumuuliza jina, kosa ambalo mwandishi wa habari hapaswi kulifanya, kwa hiyo shukrani yangu haina pa kwenda. Ipokee wewe, na wakikununia, pima tena.

Babu yako