Ndoo ya Mama Polepole

Mama watoto, mwaka umekatika tangu ulipotutoka, na bado asubuhi natoa vikombe viwili. Nikishtuka nakirudisha kimoja kabatini, na hakuna anayeniuliza kitu.

Hukuwa mtu wa kukaa kitako. Asubuhi ulikuwa angani na wanafunzi wa urubani, mchana darasani ukichora mawingu ubaoni, jioni kwenye ile mashine ya kuigiza ndege, ukiwazimia watu injini ya uongo huku unakunywa chai. Msimu wa kunyunyizia mashamba dawa kwa ndege ulirudi nyumbani unanuka mpaka paka anahama. Baadaye ukawa unawafundisha hata walimu wenyewe. Wenzako waliokwenda kwenye madege makubwa, na kofia zao za mistari ya dhahabu, walikutania: "Na wewe utakuwa rubani wa kweli lini?" Ukawauliza, "Kwani nyinyi nani aliwafundisha kutua?" Wakacheka wenyewe. Uliniambia kazi hii haikukuchosha kwa sababu kila mwanafunzi anaogopa kivyake.

Wanafunzi walikuita Mama Polepole, maana hukujua neno jingine. Nyumbani nako: mlango, polepole, chumvi, polepole! Mimi fundi friji, ninayeogopa hata ngazi, ulinipandisha ndege mara moja tu. Nilifumba macho toka kuruka mpaka kutua, ukawaambia majirani kwamba nilisinzia. Asante kwa kunisitiri, mke wangu.

Mwanafunzi alipofikia siku ya kuruka peke yake mara ya kwanza, ulishuka, ukafunga mlango, ukaenda kukaa juu ya ndoo uliyoifudikiza kando ya banda la ndege. Hukutazama juu. Ulitazama kikombe chako na kusikiliza injini. Akitua salama, uliijaza ndoo ile maji ukammwagia kichwani, watu wakashangilia.

Watoto wa watu uliwaachia wote. Wetu, kitinda mimba, ulishindwa. Leo upepo wa ubavuni, leo tairi hulielewi, leo mtoto hakulala vizuri. "Mama, mimi nimeiva!" akalalamika mezani. Wewe ukanifuata jikoni ukaninong'oneza: "Najua ameiva. Mkono wangu ndio unaokataa kufungua mlango."

Kisha maradhi yakakuchukua haraka, hujashuka bado ukamwachia ndege. Binti akasema, "Kama mama hakuniamini, basi siruki tena." Loo, hilo lilituuma! Kaka yake alimbembeleza, dada yako akafoka, wapi! Mwisho nikamkalisha nikamweleza maneno yako ya jikoni. Akalia sana. "Baba, alisema nimeiva? Alisema hivyo kweli?" Nikamwambia, haki ya Mungu.

Mwezi uliopita alirudi uwanjani. Mwanafunzi wako wa zamani, ambaye sasa naye ni mwalimu, aliruka naye asubuhi kadhaa, halafu siku moja akashuka akafunga mlango. Mimi nikakaa kwenye ndoo yako. Nilijaribu kutazama kikombe kama wewe, lakini macho yalikimbilia kwenye ndege, chai ikanimwagikia suruali. Ndege ikainuka mapema, maana imepungua uzito wa mtu mmoja, kama ulivyozoea kuwaonya. Ikazunguka, ikarudi, ikadunda kidogo, ikatulia. Nikajaza ndoo nikammwagia yeye, yaliyobaki nikajimwagia mwenyewe, watu wasijue machozi ni yapi.

"Baba," akasema huku anatiririka maji, "nilipofika juu nilitazama kiti chake. Kilikuwa kitupu. Nikamwambia, asante mama, umeshuka."

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, mwanao wa kwanza na mkewe, kitinda mimba wako rubani, dada yako, ambaye bado anafoka, wajukuu wako, na wote uliowahi kuwafungia mlango wa ndege ukaenda kukaa kwenye ndoo.

Hutatutoka moyoni kamwe. Pumzika, Mama Polepole. Polepole.