Uwanja Usio na Majaji

Bariadi, 2 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza maumivu, na mama naye hajambo. Mimi huku sijambo. Nimekonda kidogo tu, usimwambie mama.

Ulisema hutaki kusikia sauti yangu kwenye simu mpaka nirudi kwenye kazi niliyoiacha. Barua hukuzikataza, kwa hiyo nimeandika, na kondakta wa basi la Maswa ameniahidi ataikabidhi mkononi mwako.

Najua inakuuma. Watu wa Nyalikungu walizoea kukuuliza habari za binti yako wa ofisi ya pamba, yule mwenye kompyuta na kiyoyozi. Mama ameniambia siku hizi ukiulizwa unajibu kwamba niko likizo. Baba, siko likizo. Natengeneza programu za simu za watu kujiburudisha, peke yangu, chumbani kwangu, bila bosi. Ya kwanza ni ya wanaovua kwa ndoana kule Lamadi: mtu anampiga picha samaki wake, anaandika urefu, na wenzake wanambishia. Wanaitumia watu mia nne na ubishi hauishi. Ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Ni mchezo wa ngoma. Baningi wawili wanaongoza ngoma, kila mmoja na kundi lake. Unapiga ngoma kwa kidole gumba na wachezaji wako wanakufuata. Nimeuweka kwenye simu ya mwalimu Lukresia, jirani yenu. Nakuomba uutazame, hata mara moja. Wewe ni ningi, umeongoza ngoma tangu sijazaliwa. Nataka neno lako tu, kwamba hii ninayofanya ni kazi au si kazi. Wengine wote wakisema ni kazi na wewe ukikataa, mimi sitakuwa na raha.

Mwanao,
Kwandu


Nyalikungu, Maswa, 16 Machi 2025

Kwandu,

Salamu. Hatujambo. Goti ni lile lile. Mama yako anauliza unakula nini huko.

Nimeutazama mchezo wako. Ni upuuzi.

Baba yako,
Mayunga

Wale watu watatu waliokaa mezani na karatasi ni akina nani?


Bariadi, 23 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo, na mwangaluka tena. Mwambie mama nakula ugali na dagaa kama watu wengine wote.

Wale watatu ni majaji. Mmoja anatoa alama za mavazi, mmoja za nyimbo, mmoja za hatua, halafu simu inajumlisha. Si ndivyo inavyokuwa? Nilipokuwa bweni tulishindana ngoma kila mwaka, na maofisa walikaa mezani na maji ya chupa. Ngoma zenu za huko sijawahi kuziona, labda nikiwa mgongoni mwa mama. Miezi ya ngoma ndiyo miezi ya kuvuna pamba, na wewe ulipokwenda kucheza sisi ulituacha shambani. Sikulaumu. Nakueleza tu kwa nini sijui.

Kama nimekosea, niambie nimekosea wapi. Usiniandikie mstari mmoja kama telegramu.

Mwanao,
Kwandu


Nyalikungu, Maswa, 9 Aprili 2025

Mwanangu Kwandu,

Mwangaluka, mayu. Sisi ni wazima. Mvua imenyesha vizuri na mahindi yanatia moyo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimeona aibu, na aibu yenyewe ni yangu. Nimekuwa ningi wa Bagalu miaka thelathini na mitano, na mwanangu mwenyewe anadhani ngoma ina majaji!

Sasa sikiliza. Ngoma mbili zinaanza saa ile ile kwenye uwanja ule ule, kundi letu la Bagalu upande huu, wapinzani wetu Bagika upande ule. Watu wako katikati. Hakuna meza, hakuna alama, na maji ya chupa ndiyo kabisa. Kila mtu anakwenda anakovutiwa, na anaruhusiwa kuhama muda wowote. Jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo ningi anaficha mambo yake hata kwa mkewe mpaka siku yenyewe.

Mwaka tisini na nne, hapa Maswa, watu wote walikuwa kwangu. Nikaimba, nikajisikia. Ghafla nikaanza kuona migongo. Kumbe Mayige, ningi wa Bagika, ametokea amepanda ng'ombe dume, na yeye mwenyewe kavaa gauni la harusi na shela! Watu walikimbia kama wameitwa kugawiwa nyama. Mama yako alikimbia nao, wewe ukiwa mgongoni, na hata leo anasema alisukumwa. Nilibaki naimba mbele ya mbuzi wawili na shemeji yangu.

Ningi akishindwa halalamiki. Kwetu anavuka uwanja mbele za watu, anampa mkono aliyemshinda, na anatamka kwa sauti kubwa kwamba ameshindwa. Nilivuka. Sijawahi kutembea mwendo mrefu kama ule, na nimewahi kutembea kwa miguu hadi Shinyanga.

Iondoe ile meza. Kuhusu kazi au si kazi, bado sijasema kitu.

Baba yako,
Mayunga


Bariadi, 27 Julai 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mmemaliza kuvuna salama na mgongo wa mama umepumzika. Mimi ni mzima na nimerudisha kilo zangu.

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi mitatu. Meza nimeiondoa, na ilipoondoka nikagundua mchezo wote umeanguka, ikabidi niubomoe na kuanza upya. Sasa katikati ya uwanja kuna watu mia mbili, na kila mmoja ana lake analopenda. Bibi anafuata wimbo. Kijana anafuata mdundo. Kuna mwanamke mwenye mtoto mgongoni ambaye hukimbilia kila kipya, huyo utamjua. Nimewatengeneza mmoja mmoja. Kilichonitoa jasho zaidi ni migongo, ili mchezaji aione inageuka na aumie kama ulivyoumia wewe.

Halafu nimefanya jambo usilolipenda. Nimemtafuta mzee Mayige, anaishi huku Bariadi siku hizi. Amenifundisha nyimbo za Bagika. Anacheza mchezo wangu kila siku na ananitukana akishindwa.

Nimepewa hema dogo kwenye maonyesho ya wakulima Nyakabindi, tarehe nane Agosti. Nitaunganisha simu na televisheni kubwa. Nasikia na kikundi chako kimealikwa kucheza siku hiyo. Sitakusumbua. Kama hutaki watu wajue mimi ni wako, pita tu. Lakini itaniuma sana, baba.

Mwanao,
Kwandu


Nyalikungu, Maswa, 18 Agosti 2025

Mwanangu Kwandu,

Mwangaluka, mayu wangu. Sisi hatujambo, ingawa mimi nimekaa siku kadhaa bila hamu ya kula, na leo nakueleza kwa nini.

Siku ile Nyakabindi hukuniona, lakini mimi nilikuona. Tulianza saa nane na uwanja ulikuwa wetu. Watu walijaa mpaka kwenye vibanda vya mbegu. Nilikuwa katikati ya wimbo wangu mpya nilipoona migongo. Nikasema Mayige huyo, amekuja na gauni lake. Nikapanda juu ya kreti nitazame. Kweli alikuwa Mayige, lakini hakuwa na gauni. Alikuwa ndani ya hema lako na simu mkononi, akipiga kelele, na Sista Eufrasia wa parokia, shela yake kichwani na simu ya pili mkononi, alikuwa anampokonya umati mtu mmoja baada ya mwingine. Watu walikuwa wanarukaruka. Mpiga ngoma wangu mkubwa aliondoka na virungu vyake mkononi, ati anarudi sasa hivi. Mama yako safari hii hakusukumwa na mtu. Alikwenda akipiga vigelegele.

Nilijua natakiwa kuvuka uwanja. Miguu ilikataa. Si goti, Kwandu. Nilikumbuka neno likizo nililowaambia watu, nikaona aibu kukutazama. Nikapanda gari nikarudi nyumbani peke yangu.

Ningi asiyevuka si ningi. Kwa hiyo jana Jumapili nilimwomba katekista anipe nafasi kwenye matangazo. Nilitembea kutoka kiti cha nyuma hadi mbele, kanisa limejaa, nikasema kwa sauti ile ninayoimbia: Mimi Mayunga nilishindwa Nyakabindi, mbele za watu, uwanja ule ule, saa ile ile. Aliyenishinda ni binti yangu Kwandu. Hayuko likizo, niliwadanganya. Kazi yake ni kutengeneza michezo ya simu, na anaijua kazi yake kuliko mimi ninavyoijua yangu.

 Watu wakapiga makofi, na mimi nikalia kidogo, mama yako atakusimulia akiongeza chumvi.

Mayige aliponishinda nilinuna mwaka mzima. Wewe umenishinda na natembea njiani naimba. Jumamosi napanda basi la asubuhi kuja Bariadi, maana mkono sijakupa na mkono hautumwi kwa barua. Mwite Mayige awe shahidi.

Tangu jana hapa mtaani hakuna anayeniita Mayunga tena. Wananiita kwa jina lingine, na naitika hata kabla hawajamaliza kulitamka.

Mimi,
Baba Kwandu