Ukurasa Wako Ukutani

Walukuba, Jinja

Baba yangu,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta umekaa mlangoni pa duka lako la magunia hapo Namatala, goti limetulia na chai iko karibu. Mimi sijambo, ila sauti imekauka kwa vumbi la chaki. Zaina mdogo wangu, wewe unayemsomea Baba, soma polepole na usiruke kitu, hata ukiona aibu.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Baba, shule yetu sasa inasoma. Najigamba, unisamehe. Nilipofika hapa kufundisha, watoto walikuwa wananakili ubao tu. Nikiwaambia waandike habari za kwao, darasa zima linaandika kwamba baba ni mkulima, hata wale ambao baba zao wanaendesha boda. Waliona sentensi ya ubaoni ndiyo salama. Basi mwalimu mkuu, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, akaamua kila wiki mtu mzima mmoja wa shule aandike ukurasa wa jambo la kweli, kwa lugha yoyote, ubandikwe ukutani watoto wasome. Akaanza yeye. Mpishi akafuata. Mlinzi wetu, mwanajeshi mstaafu tunayemwita Afande, alinijia ananung'unika: "Mwalimu, mimi naandika nini? Mimi najua geti tu." Nikamwambia aandike hilo geti. Wiki ile watoto walirundikana kusoma ni akina nani wanaochelewa na visingizio vyao, walimu wakiwemo. Na mimi nimo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Zamu yangu ilipofika, niliandika juu yako. Niliandika jinsi ulivyokuwa ukisema umesahau miwani nyumbani kila ulipopewa karatasi, na nyumbani hapakuwa na miwani yoyote. Niliandika jinsi ulivyonikalisha dukani nikusomee gazeti kwa sauti, wateja wakidhani unanifundisha. Zaina, usicheke.

Kesho yake alinijia Nabirye, msichana wa darasa la sita. Huyu alikuwa akiitwa kusoma, anasimama na kutiririsha kitabu kizima bila kukwama, nasi tunampigia makofi. Wenzake walikuwa wamemsomea ukurasa wako. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi niko kama baba yako. Mimi sisomi. Nashika kwa kichwa tu."

Baba, niliona haya kuliko yeye. Tulianza naye upya, herufi kwa herufi, na saa ya chakula cha mchana Afande humsikiliza pale getini bila kumharakisha. Kisha wakajitokeza wengine, mmoja mmoja, na kila anayekuja anaanza kwa kutaja yule mzee wa magunia. Hujawahi kukanyaga shule hii, lakini hakuna mwalimu aliyefungua midomo ya watoto hawa kama wewe.

Siku ya wazazi imekaribia. Nabirye sasa anasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, na ameomba kusoma mbele ya wazazi wote. Amechagua ukurasa wako. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Halafu akaniuliza, "Mwenyewe alikubali?"

Nikasema sijamwuliza.

Akanitazama kidogo. "Hapana vizuri, mwalimu. Uliza yeye kwanza."

Basi nakuuliza, Baba, nikiwa nimechelewa. Ukisema hapana, nitaubandua kwa mikono yangu, na Nabirye atasoma kingine, ameshasema hatanuna. Ukisema ndiyo, mwambie Zaina anipigie. Usikubali kwa kunihurumia.

Nisalimie Mama, na shangazi anayeshona madera, mwambie langu limenikaa vizuri. Nisalimie pia jirani yetu dereva Mkenya, akirudi na lori lake salama.

Ni mimi binti yako, niliyekusifu mbele ya watu kabla sijakusifu mbele yako,

Hadija