Kinini ya poste ya asubui

Siku ya tano ya juma. Mvua inapiga ku mabati tangu asubui, na minye naandika.

Minye, Ba Sylvain, niko na myaka sabini na tatu. Nimepita jina ya Jadotville, ile bazungu baliitaka muji yetu, nimepita moshi ya usine ile ilinilisha, nimepita bakubwa ba kazi sita, bote bamezikwa. Ku usine hakuna muntu alinishinda kusoma saa ya presha. Maneno ya murefu njo inanishinda kidogo. Kidogo tu.

Juma imepita, bibi yangu Véronique alipewa dawa ya kidonda ya muguu: kinini makumi mbili na moja, pamoja na karatasi ya picha ya kufasiria. Muke ya mutoto yetu, Odile, alitaka kuchunga ile karatasi, juu yeye alisoma mingi. Nilikatala. Nani njo kichwa ya hii nyumba?

Leo nilirudi ku dispensaire hapa Kikula peke yangu. Véronique hawezi tena kukanyaga chini. Mama Astrid, munganga wetu, alisemaka: kama kidonda haiponi, lopitalo itakata muguu.

Nilipeleka boîte ya kinini. Nilifika na kiburi, naandika bila kuficha: kinini kumi na ine ilikuwa ingali ndani. Bengine banamaliza dawa na kulia. Minye najua kuchunga.

Mama Astrid anapima kila muzee sasa, kama anafahamu dawa. Haulizi kama unajua kusoma, juu bote tunasema ndiyo. Anakupa karatasi yako, anasema: "Baba, minye njo mugonjwa. Unifundishe." Kisha anaandika ku register: alama ya muzuri, ao zero.

Nilisimama. Nilionyesha picha na kidole. Jua inatoka, kinini moja. Jua ku kichwa, kinini moja. Mwezi, kinini moja.

"Njo poste tatu za kazi, zamu tatu sawa ku usine," nikamuambia. "Véronique nilimupa poste ya asubui. Njo ya muzuri."

"Na ya muchana?"

"Ee mama! Muntu moja hafanyake poste tatu siku moja. Ile ni ya bengine."

Bagonjwa ku banc bakacheka. Mama moja akapiga mikono: "Chef de poste huyu!"

Mama Astrid hakucheka. Alihesabu kinini kumi na ine, polepole.

Akaandika zero.

Siku saba, kila siku Véronique alimeza mara moja, na kidonda ilikula mara tatu.

Nilikatala kutoka. Nikasema anipime tena. Nikapanga kinini tatu ku meza: ya asubui, ya muchana, ya usiku, zote za muntu moja. Akaandika alama ya muzuri. Zero hakufuta. Tunaanza upya leo, na nyuma ya siku tatu atakuja kuangalia muguu.

Nilimuambia Véronique mbele ya Odile. Véronique akasema:

"Kumbe usiku kidonda ilikuwa inatumika kazi peke yake, Ba Sylvain. Hakuna muntu ku poste."

Akafungua kinywa. Nikamupa ya muchana. Alimeza akiniangalia.

Karatasi iko na Odile. Minye nachota maji ya kumezea. Sasa nangoja saa ya kinini ya tatu.

Muntu akisema muzee anajisifu bure, aulize Mama Astrid: zero iko ku register. Aulize Odile. Na nyuma ya siku tatu apige hodi hapa, aone kama ni Véronique mwenyewe anasimama kufungua mulango.