Nilimpokonya Mwalimu Mpya Chaki

Mpendwa mshauri, huwa nasoma shida za wenzangu hapa nikitikisa kichwa, leo zamu yangu imefika, naomba msaada. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa siku nyingi, na mwaka huu mwalimu mkuu alinipa kazi ya kuwalea walimu wapya, nikafurahi, nikapanga semina kila Ijumaa, kutembeleana madarasani, hata chai ya kuwakaribisha, na wengine wanaendelea vizuri ila mmoja, binti mpole mwenye sauti ndogo, ndiye amenikosesha raha. Juzi niliketi nyuma ya darasa lake akifundisha hesabu za sehemu, watoto wanapiga kelele, yeye anaandika, anafuta, anaandika tena, nikavumilia nikashindwa, nikainuka, nikamwambia, "Hebu lete chaki, mwanangu," nikamaliza somo mwenyewe, darasa likatulia tuli, wakanipigia makofi, naye kasimama karibu na mlango kama mgeni asiyepewa kiti. Nilidhani nimemsaidia. Sasa wanafunzi wake wananifuata ofisini na madaftari, mmoja kamwambia binti usoni, "Tunamsubiri mwalimu anayejua," binti mwenyewe kwenye semina hakuja, tukikutana ni "Shikamoo, mama" na kupita, na jana mwalimu mkuu kaniambia binti ameomba kuacha kazi, ananiuliza mimi mlezi wake, abaki au aende? Mume wangu anasema, "Mwache, ualimu si wa kila mtu." Nijibu nini?

Mlezi Njia Panda

Mama Mlezi, pole, ila nakupa nusu tu. Nusu nyingine nampelekea binti.

Ulipanga semina, ukapanga chai, hukupanga kufunga mdomo. Na yale makofi yalikuwa matamu, usinidanganye. Kumpokonya mwalimu chaki mbele ya wanafunzi wake ni kumvua nguo hadharani, hata ukimwita mwanangu. Najua ulikuwa na nia njema, na nia yako siitilii shaka. Mumeo mpe salamu zangu, lakini hili halimhusu.

Kesho, kabla kengele haijalia, mfuate binti alipo peke yake. Mwambie, "Nilikukosea," kisha nyamaza. Usitie "lakini" hapo. Ukitoka kwake nenda kwa mwalimu mkuu, mweleze kilichotokea bila kukipaka sukari, na umwombe ombi lile alisitishe hadi muhula uishe. Watoto wakija na madaftari, warudishe: "Kamuulizeni mwalimu wenu." Ndiyo, hata kama jibu unalo mdomoni.

Halafu mkaribishe yeye akae nyuma ya darasa lako, akuambie alichokiona, nawe usijitetee. Hizo semina zako pia, umewahi kuwauliza wanataka kujifunza nini? Waulize.

Akiamua kwenda, aende. Ila asiende akiamini hajui kufundisha, kumbe hakuachiwa afundishe. Akibaki, omba ruhusa ya kurudi darasani kwake. Akikuruhusu, keti nyuma, na watoto wakipiga kelele, waache wapige. Darasa ni lake.