Sahani Iliyorudishwa

Dayton, Ohio
3 Mei

Dada Farangis,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila nina njaa. Magoti ya shemeji yanaendeleaje?

Jana wakwe watarajiwa wa Taraneh walinialika chakula. Nikavaa suti. Kumbe si nyumbani kwao, ni mgahawa, wa ile migahawa yenye matawi kila mji, picha zilezile ukutani. Mhudumu, mtu tusiyejuana naye, aliniita mpenzi. Wali ulikuwa umegandamana na kuku hana hata chumvi. Baba wa kijana, Dennis, mtu mnene mpole, akanisogezea sahani yake ya mbavu za ng'ombe, akauliza kama nitaonja. Nikasema, "Hapana, ahsante, nimeshiba," kama mtu yeyote mwenye adabu. Akasema, "Haya," akairudisha kwake. Hakuuliza tena, Dada!

Mwanangu aolewe na watu wasiojua kumbembeleza mgeni? Lazima ataniomba idhini kabla sijarudi. Sitaitoa.

Kaka yako,
Houshang

Shiraz, Iran
5 Mei

Kaka,

Barua pepe yako nimeipata. Sisi hatujambo. Magoti ya shemeji yako yanalalamika, naye pia analalamika.

Nimecheka hadi chai ikanipalia. Umesema umeshiba, mtu akakuamini, kosa lake nini? Sisi tunakataa mara mbili, ya tatu tunakula. Dennis angefundishwa na nani? Huko ukisema hapana, ni hapana.

Ila Taraneh si sahani ya mbavu. Kama humtaki huyo kijana wao Kyle, sema waziwazi. Mficha uchi hazai.

Dada yako,
Farangis

Dayton
14 Mei

Dada,

Natumaini hamjambo. Mwili wangu mzima. Nisamehe kwa kukaa kimya.

Jumapili Taraneh alikuwa anaosha vyombo, akaniuliza bila kugeuka, "Baba, unaridhia niolewe na Kyle?"

Maneno yako nilikuwa nayo kichwani, lakini ulimi una mazoea yake. Nikamjibu, "Mimi nani hata nikuzuie, mwanangu? Utakavyo wewe." Nikangoja aulize tena, maana hapo ndipo ningesema la.

Akakausha mikono, akanibusu kipaji cha uso. "Ahsante, Baba," akasema, akaenda kumpigia Kyle simu.

Usiniambie amesahau mila zetu. Tangu mama yake afariki umemlea wewe, na adabu yote anayo. Alijua kwamba anatakiwa kuuliza tena, na ndiyo maana hakuuliza.

Imeniuma, sikufichi. Nilimfuata hadi mlangoni nimweleze. Nikamkuta anaongea na simu huku machozi ya furaha yakimtoka, nikarudi kukaa.

Harusi ni mwezi ujao. Wakwe wanakuja na ukoo mzima. Upande wetu nitakaa mimi peke yangu.

Kaka yako,
Houshang