Vitenzi Walivyokudai Siku ya Kunyolewa

Rasoa, dada yangu,

Juzi tulinyolewa kumaliza matanga yako. Nywele zetu zikiwa bado chini, baba mdogo aliuliza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu aseme sasa. Nilitega sikio nikitarajia habari za kuku na mbegu. Akasimama msichana mmoja wa darasa ulilofundisha. "Tunamdai vitenzi virefu vya Kifaransa. Alituahidi kabla ya mtihani."

Watu walicheka, hata waliokuwa wakilia. Baba mdogo hakucheka. Alinigeukia: "Wewe mwenye kalamu kali, deni la dada yako ni lako."

Unajua kwa nini nilitazama chini. Ni mimi niliyeandika gazetini kwamba bendera ya Mwingereza haijamaliza kukunjwa, na dada zetu wameshaanza kubana pua kwa ajili ya Mfaransa. Kakamega nzima ilijua dada gani. Na mwandishi mwenyewe alikuwa na vitabu vya Kifaransa chini ya kitanda. Nilivisoma ili nigombane navyo, kwa macho tu. Mdomoni Kifaransa sikuwahi kukitia.

Bado naamini, Rasoa, kwamba shule zetu zinaonea aibu lugha zetu. Hoja hiyo siitupi. Lakini haikuhitaji uso wako.

Hukunijibu kwa matusi. Ulikuwa ukipura maharagwe uani, pigo moja kila silabi: ac-com-pa-gner, yaani kusindikiza. Ukaniita. "Kaka, kaa unisikilize kama nakosea. Nikimaliza, nitukane." Nikasema nina makala ya kumaliza. Ukaendelea, kikohozi kikikukata katikati ya neno. Mimi nikafunga dirisha.

Jana nilisimama mbele ya wasichana wako, kipara kinang'aa, nikigonga meza kwa rula. Kitenzi kile kile. Nikatamka r ya mwisho kwa nguvu zote za mhutubu. Wakaangua kicheko.

"Hiyo haisomwi, mwalimu. Na gn ni kama ny ya nyama. Mwalimu Rasoa alisema hivyo."

Nikarudia. Yule msichana wa juzi akaniambia, "Polepole. Usigombane nalo."

Hapo nikageukia ubao nikijifanya nafuta.

Nitawafikisha kwenye mtihani. Na makala ile nitaijibu mwenyewe, gazeti lile lile, kwa jina langu na lako.

Pumzika, dada. Maharagwe uliyoacha naanza kuyapura kesho, silabi kwa silabi. Dirisha la uani nimelifungua.

Kaka yako